Waranti ya Ohio, taa za polisi Kentucky

Askari wa doria wa Kentucky anayekusimamisha kwenye barabara kuu ya I-65 kwa sababu taa ya breki haiwaki hajui lolote kuhusu kesi yako ya Columbus, Ohio, ya miaka mitatu nyuma. Akishachukua leseni yako na kurudi kwenye gari lake, anajua. Lakini kama utaachiwa uende zako na onyo au utalala mahabusu ya kaunti, mara nyingi si yeye anayeamua. Jambo hilo liliamuliwa Ohio, siku hati ya kukamatwa, yaani waranti, ilipoingizwa kwenye mfumo, kwa alama moja ndani ya kisanduku kimoja. Waswahili wengi wa Marekani wamehama jimbo moja kwenda jingine kufuata kazi au ndugu, na wengine wanaendesha malori kutoka pwani hadi pwani. Hao ndio wanaohitaji zaidi kuielewa alama hiyo, na ndio wasioelezwa na mtu yeyote.

Tuanze na mahali waranti zenyewe zinakotoka. Zinazoibuka barabarani kwa kawaida si za wizi wa kutumia silaha wala za kumwaga damu. Nyingi ni za mtu ambaye hakufika mahakamani siku aliyopangiwa. Dereva amepewa tiketi akiwa Ohio, tiketi ina tarehe ya kufika mbele ya hakimu, kisha amehamia Louisville kwa sababu shemeji yake amempatia kazi ghalani. Barua ya ukumbusho inakwenda kwenye anwani ya zamani. Siku ya kesi jina lake linaitwa, hayupo, na hakimu anatia saini hati ya kumkamata palepale kwenye kiti chake. Hakuna askari anayetumwa kumtafuta. Hati inakaa kwenye mfumo, na nyingi hazina tarehe ya kumalizika. Baada ya miaka kumi bado inaweza kuwa hai.

Kuna njia ya pili, iliyojificha zaidi. Tiketi ya kawaida ya mwendo kasi usipoilipa, mara nyingi jimbo lililokuandikia halitoi waranti. Linapeleka taarifa kwenye jimbo lililokupa leseni, na jimbo lako linaisimamisha leseni. Hilo linatokana na mkataba wa mwaka 1977 wa majimbo kuhusu madereva wasio wakazi. Majimbo mengi yamo, ingawa California na Michigan, kwa mfano, yalibaki nje. Dereva hajui kuwa leseni imesimamishwa kwa kuwa barua hiyo nayo ilikwenda kwenye anwani ya zamani. Anasimamishwa tena jimbo la tatu, na safari hii kosa si mwendo tena. Ni kuendesha gari leseni ikiwa imesimamishwa, kosa la jinai katika majimbo mengi, linalokulazimu kusimama mbele ya hakimu. Akikosa siku hiyo, waranti inazaliwa. Deni la tiketi moja ndogo limekuwa kesi ya jinai, na mhusika hajawahi kuona hata barua moja.

Sasa turudi kando ya barabara. Askari kwa kawaida anaanza na namba ya gari, mara nyingi kabla hata ya kuwasha taa. Namba hiyo inampa jina la mwenye gari na hali ya usajili. Tangu uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani katika kesi ya Kansas v. Glover mwaka 2020, akikuta mwenye gari amefutiwa leseni, anaweza kukusimamisha kwa kudhani kwamba anayeendesha ni mwenye gari, mradi hana dalili kuwa ni mtu mwingine. Kwa hiyo ukimwazima binamu gari lako huku leseni yako ina matatizo, binamu atasimamishwa kwa ajili yako.

Akishapata leseni yako, anatuma maswali mawili kwa pamoja kupitia kompyuta ya garini, au kwa redio kwa mtu wa kituoni. Swali la kwanza linapita kwenye mtandao uitwao Nlets, unaomilikiwa na majimbo yenyewe na wenye makao Phoenix, Arizona. Huo ndio unaoleta hali ya leseni kutoka jimbo lolote. Swali la pili linakwenda NCIC, hifadhi ya taarifa ya FBI iliyoanza kazi Januari 1967 na ambayo sasa inaendeshwa kutoka Clarksburg, West Virginia. Ndani yake kuna faili la watu wanaotafutwa. Jibu hurudi kwa sekunde.

Si kila waranti imo NCIC. Idara nyingi huacha hati za makosa madogo kwenye mfumo wa kaunti au wa jimbo pekee, na askari wa jimbo jingine akiuliza hazioni. Ndiyo maana mtu anaweza kusimamishwa mara nne Kentucky bila neno, akadhani mambo yamekwisha, kisha akavuka daraja la Cincinnati kwenda harusini na kukamatwa upande wa pili wa mto kwa hati ileile. Kutokuonekana katika jimbo moja hakuthibitishi chochote kuhusu jimbo lililoitoa.

Ile iliyomo NCIC inakuja na kisanduku nilichokitaja. Idara inayoingiza waranti hueleza iko tayari kwenda kumchukua mtu huyo kutoka umbali gani. Kwa makosa makubwa hutumika tarakimu 1 hadi 6, kwa makosa madogo herufi A hadi F, na maana zinalingana. Ya kwanza ni kwamba watamfuata popote nchini. Ya pili, watamfuata kwa mipaka iliyoelezwa kwenye sehemu ya maelezo, pengine umbali fulani wa maili. Ya tatu ni majimbo ya jirani tu. Ya nne, hawatoki nje ya jimbo lao kabisa. Mbili za mwisho ni za waranti ambazo mipango yake ya kumchukua mtu bado haijakamilika au haijaamuliwa.

Tumia mfano wetu. Waranti ya Ohio yenye herufi C, yaani majimbo jirani tu, inamhusu askari wa Kentucky, Indiana, Michigan, Pennsylvania na West Virginia. Dereva yuleyule akisimamishwa Texas, askari wa huko ataiona hati kwenye kioo cha kompyuta yake, ataona pia kwamba Ohio haitakuja, na kwa kawaida atamwambia, “Una waranti Ohio, nenda ukaimalize,” kisha atamwachia na tiketi yake ya taa. Wengi huyasikia maneno hayo kama msamaha. Si msamaha. Hati iko palepale, na siku dereva huyo akipata mzigo wa kupeleka Indianapolis yuko ndani ya eneo lake.

Sababu ya mipaka hii ni fedha. Kumfuata mtu maili elfu moja kunahitaji maofisa wawili, tiketi za ndege au gari, na chumba cha kulala, na kaunti ndogo haitatumia hayo yote kwa kesi ya leseni. Ndiyo maana uzito wa kosa peke yake haukuambii kitu. Kaunti mbili za jimbo moja zinaweza kuweka alama tofauti kwa kosa lilelile.

Hata pale alama inaporuhusu, jibu la kompyuta peke yake halitoshi kukupeleka jela. Kanuni za NCIC zinamtaka askari aithibitishe hati na idara iliyoiingiza: kwamba bado ipo, kwamba mtu aliyesimama mbele yake ndiye anayetajwa, na kwamba watakuja kumchukua. Ujumbe wa kuuliza unatumwa kupitia Nlets kwa daraja mojawapo kati ya mawili. Wa haraka unatakiwa kujibiwa ndani ya dakika 10, wa kawaida ndani ya saa 1. Ndiyo maana idara iliyoingiza waranti inatakiwa kuwa na mtu wa kujibu saa 24, siku zote. Mtu huyo hatakiwi kujibu kwa kutazama kompyuta yake tu. Anatakiwa kuitazama hati yenyewe.

Hapa ndipo pengo linapotokea. Saa nane za usiku, mtu mmoja wa zamu kwenye kaunti ndogo anajibu simu za dharura huku ujumbe wa uthibitisho unasubiri. Jibu likichelewa ombi hutumwa mara ya pili, kisha ya tatu. Wakati huo dereva amekaa garini, mara nyingine kiti cha nyuma cha gari la polisi akiwa na pingu, akisubiri Ohio iamke.

Je, wana haki ya kumweka muda wote huo? Kesi ya Rodriguez v. United States, mwaka 2015, ilisema askari hawezi kurefusha kusimamishwa kwa gari kupita muda unaohitajika kushughulikia kosa la barabarani lenyewe. Lakini Mahakama Kuu ilitaja waziwazi kuwa kukagua leseni, usajili, bima na waranti ni sehemu ya kazi hiyo. Kumngoja mbwa wa kunusa dawa za kulevya si sehemu yake. Kuuliza kama una waranti ni sehemu yake, na jibu likirudi kwamba unatafutwa, askari ana sababu mpya ya kukuweka wakati akithibitisha.

Abiria naye asijione yuko nje ya haya. Kama abiria analazimika kutoa kitambulisho inategemea sheria ya jimbo na mazingira, lakini wengi wanaulizwa na wengi wanatoa. Jina likishaandikwa linapita kwenye faili lilelile.

Sasa jambo ambalo linatugusa sisi hasa. Mfumo huu unatafuta watu kwa jina na tarehe ya kuzaliwa kwanza, wala si kwa alama za vidole, na majina hutafutwa pia kwa mlio, ili tahajia tofauti zisimfiche mtu. Sasa fikiria wakimbizi wa Kongo, Burundi na Somalia waliopitia kambi za Nyarugusu, Kakuma na Dadaab. Maelfu waliandikiwa tarehe 1 Januari kwa kuwa siku halisi haikuwa na cheti. Juu ya hapo kuna majina yanayojirudia: Hassan Ali, Juma Hamisi, Amina Mohamed. Ofisi moja imechukua jina la babu kama jina la ukoo, nyingine imechukua la baba, ya tatu imegeuza mpangilio. Watu wawili wasiojuana, mmoja Minneapolis na mwingine Columbus, wanakuwa na jina moja na siku moja ya kuzaliwa kwenye karatasi. Wakiandikiwa na mwaka mmoja pia, mmoja akikosa siku yake ya mahakama waranti inamfuata mwingine.

Kinachomwokoa wa pili ni maelezo yanayobaki kwenye rekodi: urefu, uzito, rangi ya macho, kovu, tatuu, namba ya leseni, tarakimu za Hifadhi ya Jamii (Social Security), picha. Ikiwa askari amekuambia una waranti mahali ambapo hujawahi kukanyaga, mwambie kwa utulivu kuwa hujawahi kuishi huko na mwombe alinganishe namba ya leseni, urefu na alama za mwili kabla ya kuthibitisha. Ombi hilo ni jepesi kwake na linaeleweka. Ukipelekwa kituoni, alama za vidole zitaonyesha ukweli, lakini hapo usiku umekwisha na gari limevutwa. Aliyewahi kupatwa na hili aiombe idara iliyoitoa waranti, kwa maandishi, iongeze vitambulisho zaidi vya mtu wanayemtaka, na aombe barua inayoeleza kwamba yeye siye. Barua hiyo ikae garini.

Ikiwa waranti ni yako kweli, ukiwa kando ya barabara usiieleze kesi. Jina lako sahihi, leseni, usajili, bima. Kutoa jina la kaka yako ili uepuke ni kosa jipya, na hili halitahitaji Ohio kuja, kwa kuwa umelifanya Kentucky. Maelezo ya “nilisahau tarehe” au “nilidhani nimelipa” yanaandikwa kwenye ripoti. Sema unataka wakili, kisha nyamaza. Mwambie anayekuja kulichukua gari kwamba malipo ya yadi linakowekwa gari lililovutwa yanahesabiwa kwa siku, na aje mapema.

Baada ya kuthibitishwa unaingizwa mahabusu ya kaunti uliyokamatiwa, na unashtakiwa huko kama mtu aliyekimbia haki ya jimbo jingine, hata kama hukukimbia popote ila ulihamia kazini. Majimbo karibu yote yanafuata sheria ya mfano ya mwaka 1936 kuhusu kurejesha watuhumiwa. Chini ya sheria hiyo hakimu anaweza kukuweka hadi siku 30 ukisubiri hati ya gavana wa jimbo ulilomo, inayotolewa kwa ombi la gavana wa jimbo linalokutaka, na anaweza kuongeza hadi siku 60 nyingine. Dhamana inaruhusiwa isipokuwa kwa kosa la adhabu ya kifo au kifungo cha maisha, ingawa mahakimu wengi wanasitasita kuitoa. Sheria hiyohiyo, inapozungumzia kukamatwa bila hati ya jimbo ulilomo, inataja makosa ya kifungo kinachozidi mwaka mmoja. Wakili wako aiangalie hoja hiyo mara moja ikiwa kosa la Ohio ni dogo.

Utaletewa karatasi ya kukubali kurejeshwa bila kungoja hati ya gavana. Kuisaini hakuna maana ya kukiri kosa. Maana yake unakubali kuchukuliwa. Kwa kesi ndogo ambayo mtu ni yeye kweli, kukubali mara nyingi hufupisha kukaa ndani, kwa sababu nafasi ya kupinga ni finyu. Katika Michigan v. Doran, mwaka 1978, Mahakama Kuu ilisema jimbo ulilokamatiwa linaangalia mambo manne tu: karatasi ziko sawa, umeshtakiwa, wewe ndiye unayetajwa, na wewe ni mtu aliyeondoka jimbo lile. Kama una hatia au huna ni mambo ya Ohio. Lakini ikiwa si wewe unayetajwa, usisaini. Hoja yako ni ya tatu kati ya hizo nne, na ukisaini umeitupa. Omba mkalimani wa Kiswahili kabla ya karatasi hiyo kusomwa, hata kama Kiingereza chako kinatosha sokoni.

Asiye raia ana mzigo mwingine. Alama za vidole zinazochukuliwa mahabusu hufika FBI na kutoka hapo idara ya usalama wa ndani inayosimamia uhamiaji. Tiketi haifanyi hivyo, kukamatwa kunafanya. Fomu ya kuomba uraia, N-400, inauliza kama umewahi kukamatwa au kushikiliwa, hata kama kesi ilifutwa, kwa hiyo hifadhi nakala ya hukumu au ya kufutwa kwa kesi maisha yako yote. Kuhusu balozi: Mtanzania akishikiliwa, maofisa wanatakiwa kuuarifu ubalozi wa Tanzania hata asipoomba, kwa mujibu wa makubaliano ya nchi hizo mbili. Mkenya anatakiwa kuulizwa kama anataka ubalozi wake uarifiwe. Mwenye hifadhi ya ukimbizi au kesi ya kuomba hifadhi amweleze wakili wake hali hiyo mapema kabisa.

Bora zaidi ni kuimaliza hati kabla ya taa za polisi. NCIC haiko wazi kwa umma, na rekodi ambayo FBI humpa mtu kuhusu yeye mwenyewe hujengwa juu ya alama za vidole za kukamatwa huko nyuma, si orodha ya waranti zilizo hai. Pa kuuliza ni kwa karani wa mahakama ya kaunti uliyopewa tiketi. Kaunti nyingi zina ukurasa wa kutafuta kesi kwa jina. Jaribu kila tahajia ya jina lako na kila mpangilio. Pata namba ya kesi, kiasi cha dhamana kilichoandikwa kwenye hati, na uliza kama kosa linahitaji ufike mwenyewe. Usiende dirishani kwa karani bila kujua kama watakushika hapohapo.

Kisha tafuta wakili wa kaunti ileile, si wa mjini kwako. Anafahamu hakimu na mwendesha mashtaka, na kwa makosa madogo majimbo mengi yanamruhusu kusimama badala yako. Anawasilisha ombi la kuiondoa waranti na kupanga tarehe mpya, au anaweka dhamana. Ikiwa tatizo ni kwamba huna fedha za faini, aseme hivyo mahakamani: tangu Bearden v. Georgia, mwaka 1983, mtu hafungwi kwa kushindwa kulipa faini bila mahakama kwanza kuchunguza kama alikuwa na uwezo. Na anayekupigia simu akisema una waranti na ulipe kwa kadi za zawadi za dukani ni mwizi. Mahakama haifanyi hivyo.

Hakimu akishaiondoa waranti kazi haijaisha, na hapa ndipo wengi wanaumia. Amri ya mahakama ni karatasi, na ili itoke kwenye kompyuta za nchi nzima lazima mtu aifikishe kwa idara iliyoiingiza na idara ifute ingizo lake. Katika kesi ya Herring, iliyoamuliwa mwaka 2009, mtu alikamatwa Alabama kwa waranti ya kaunti jirani iliyokuwa imefutwa miezi mitano kabla, bila mtu kusahihisha kompyuta. Karani aligundua kosa ndani ya dakika 10 hadi 15, lakini mtu huyo alikuwa ameshapekuliwa, na Mahakama Kuu ikaruhusu vilivyopatikana vitumike dhidi yake. Kwa kura 5 dhidi ya 4. Makosa ya makarani wa mahakama yalikuwa yamesamehewa hivyohivyo katika Arizona v. Evans, mwaka 1995. Mwaka 2016, katika Utah v. Strieff, mahakama ilikwenda mbali zaidi: hata kama kusimamishwa kwenyewe hakukuwa halali, waranti halali iliyokuwepo inaweza kuufanya ushahidi uliopatikana baada yake ukubalike.

Kwa hiyo siku waranti inapoondolewa, chukua kwa karani nakala mbili za amri zenye mhuri, moja ya nyumbani na moja ya garini pamoja na kadi ya bima. Baada ya siku chache piga simu ofisi ya sherifu au polisi walioiingiza, si mahakamani, taja namba ya kesi na uulize kama ingizo limefutwa kwenye mfumo wa jimbo na NCIC pia, kwa sababu hayo ni maingizo mawili na moja linaweza kufutwa jingine likabaki. Andika jina la aliyekujibu na tarehe nyuma ya ile nakala ya garini. Dereva wa lori afanye hivyo kabla ya kukubali mzigo unaopita jimbo hilo.